Maji Magumu Si Maji Mabaya

Karani aliyezoea maji ya Nairobi akihamishiwa Mombasa, naye akapanga nyumba katika vitongoji vya Kisauni au Bamburi, neno la kwanza atakalolisikia kwa mkewe huenda lisiwe la joto wala la mbu, bali la sabuni. Kipande kilichotosha kufua nguo za juma zima kule Nairobi, huku humalizika nguo zingali karaini. Povu halitoki, badala yake huonekana utando wa kijivu unaoelea juu ya maji na kuganda kandokando ya karai. Maharagwe huwekwa motoni asubuhi, na hata adhuhuri bado hayajaiva. Birika nalo, baada ya miezi michache, hufanya gamba jeupe ndani. Ndipo mama wa nyumba hukata shauri: "Baba watoto, maji haya ni mabaya, yatatudhuru."

Shauri hilo limekatwa upesi mno. Maji hayo ni magumu, na ugumu ni jambo moja, ubaya ni jambo jingine. Asiyeyatenga mambo hayo mawili aweza kuyakimbia maji yasiyomdhuru na kuyakimbilia yenye ugonjwa.

Maji ya mvua ni laini. Lakini yapenyapo udongoni huchukua hewa ya kaboni, ile ile itoayo povu chupa ya soda ifunguliwapo, nayo hewa hiyo huyatia ukali kidogo wa kuweza kuyeyusha chokaa. Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani ya Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, nayo ni mawe ya chokaa. Ndiyo yaliyofanya kiwanda cha saruji kijengwe Bamburi katika miaka ya 1950. Basi maji ya visima vya huko hukaa ndani ya mawe hayo, yakayala kidogo kidogo, na yatekwapo huwa yamejaa madini ya kalsiamu. Gamba la birika ni jiwe lile lile, lililoyeyushwa chini ya ardhi na kurudi kuwa jiwe jikoni. Maji ya mabwawa ya Sasumua na Ndakaini yanayopelekwa Nairobi hayakupita katika mawe ya namna hiyo. Hutoka katika mito ya milima ya Aberdare, penye mawe ya volkano, na kwa hiyo huwa laini.

Tena yafaa ifahamike ya kuwa mfereji mmoja wa nyumba waweza kutoa maji ya asili mbalimbali. Mombasa hupata maji ya mabomba kutoka mbali: chemchemi za Mzima, ambazo bomba lake la zaidi ya kilomita 200 lilijengwa katika miaka ya 1950, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Maji hayo hayatoshi, na siku yasipofika wenye nyumba wengi hujaza matangi kwa maji ya kisima, au hununua kwa wachukuzi wa mikokoteni. Kwa hiyo sabuni hutoa povu leo, na kesho haitoi, ingawa mfereji ni ule ule. Penye visima karibu na bahari, maji yakivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi nayo huingia, na ugumu huzidi.

Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za chokaa katika lita moja ya maji. Yaliyo chini ya 60 huitwa laini, na yanayopita 180 huitwa magumu sana. Lakini vipimo hivyo havikuwekwa kwa sababu ya ugonjwa. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa ajili ya afya, kwa maana kalsiamu na magnesi ni madini ambayo mwili wenyewe huyahitaji. Hasara ya ugumu ni ya mfukoni: sabuni nyingi, kuni au umeme wa kupasha moto gamba kabla ya maji, na mabomba yanayozibana.

Hasara hiyo yaweza kupunguzwa. Maji yakichemshwa, sehemu ya chokaa hutengana nayo na kubaki chini ya chombo. Gamba la birika hutolewa kwa siki au maji ya ndimu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi ni mazuri sana kwa kufulia na kupikia maharagwe. Magadi nayo hulainisha maji ya kufulia, lakini mwenye nyumba asiyatie katika chakula kwa kudhani ni dawa ile ile, kwani magadi mengi yana floridi, na habari za madini hayo zinafuata.

Hatari ya kweli haionekani karaini. Mawe yale yale ya matumbawe yana nyufa na matundu mengi, na katika vitongoji vilivyojaa watu, choo cha shimo na kisima huchimbwa katika kiwanja kimoja. Mara nyingi hutajwa ya kuwa kisima kiwe mita 30 kutoka chooni, lakini ndani ya nyufa za namna hii uchafu waweza kwenda mbali kuliko hapo na kwa upesi. Maji yakatoka meupe, baridi, yenye kupendeza, kumbe ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi wala ladha katika glasi.

Vijidudu hufa maji yakichemka kwa nguvu. Lakini uchafu wa choo huacha pia nitrati, nazo hazitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, zilizobaki huzidi nguvu. Kikomo chake ni miligramu 50 kwa lita, na anayeweza kudhurika zaidi ni mtoto mchanga anayepewa maziwa ya unga, kwa maana nitrati huizuia damu yake kuchukua hewa ya kutosha. Mama aliyechemsha maji kwa bidii na kuyatia katika chupa ya mtoto hana njia ya kuzijua kwa macho. Hujulikana kwa kupimwa tu.

Wala mkulima wa Bonde la Ufa asijisifu kwamba kwake sabuni yatoa povu. Katika sehemu nyingi za Nakuru na Naivasha maji ya visima virefu ni laini, nayo yana floridi nyingi. Mambo hayo mawili yana uhusiano: kalsiamu ikiwa nyingi majini huishika floridi, na ikiwa chache floridi hubaki huru. Kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo kwa miaka mingi huota meno yenye madoa ya kahawia, na zikizidi sana hata mifupa huharibika. Kuchemsha hakuziondoi; huondolewa kwa vichungi, kama vile vya mkaa wa mifupa.

Basi mpangaji anapofika katika nyumba mpya, kabla ya kuuliza kama sabuni yatoa povu, amwulize mwenye nyumba ni maji gani yaliyo ndani ya tangi, na choo kiko wapi. Tangi lifunikwe na kusafishwa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Na mwenye kisima amwone Bwana Afya ili apate njia ya kupeleka maji yapimwe vijidudu, nitrati na floridi. Wapangaji wa kiwanja kimoja wakichanga gharama, kila mmoja atatoa kidogo.

Mke wa karani naye aendelee kukwangua birika lake bila hofu. Lakini kama kuna mtoto wa chupa nyumbani, maji ya kisima yasimfikie mpaka majibu ya kipimo yarudi.