Ulimi si Mizani

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu juu ya myeyusho. Nilipomaliza, kijana mmoja wa safu ya nyuma alisimama akauliza: "Mwalimu, kileo kikali kikitiwa barafu na sukari, je, nguvu yake hupungua?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wao akamwamuru aketi, akasema shule si kilabu cha pombe. Nami mgeni nilinyamaza, ingawa swali lile lilikuwa bora kuliko yote niliyoulizwa siku ile. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Kadhalika ni ombi kwa walimu wenzangu wasinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Swali la kijana yule lataka mfano halisi. Nchini Marekani, nilikosomea shahada yangu ya udaktari, kuna kinywaji mashuhuri cha wiski kiitwacho Old Fashioned, maana yake "cha kizamani". Asili yake ni ya siku nyingi. Tarehe 13 Mei 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York, lilieleza kwamba kokteli ni mchanganyiko wa kileo kikali cha aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu. Baadaye wauzaji walipozidi kutia madoido, baadhi ya wanywaji walidai wapewe kile cha kizamani, na jina likabaki hivyo.

Mwenyeji wangu alikuwa akikitengeneza jikoni mwake kila Jumamosi jioni, nami nikimtazama. Kwanza aliweka kipande cha sukari ndani ya bilauri, akakidondoshea matone mawili matatu ya dawa chungu. Dawa mojawapo ya namna hiyo ilianzishwa mwaka 1824 na daktari Mjerumani, Johann Siegert, katika mji wa Angostura nchini Venezuela, kwa ajili ya kutibu maradhi ya tumbo. Halafu alitia maji kijiko kimoja cha chai, akaiponda sukari hata ikayeyuka. Ndipo alipopima wiski mililita 60 kwa kikombe kidogo cha chuma, akatia mapande makubwa ya barafu, akakoroga, na mwisho akakamulia ganda la chungwa. Hakukadiria kwa jicho hata siku moja.

Kila hatua hapo ina sababu yake. Sukari hutangulizwa majini kwa kuwa gramu 100 za maji huweza kuyeyusha sukari ipatayo gramu 200, ilhali ethanoli safi, ambayo ndiyo kilevi chenyewe, haiyeyushi sukari ila kidogo mno. Barafu huwa ya mapande makubwa kwa sababu pande moja kubwa lina eneo dogo la uso kuliko vipande vingi vya uzito ule ule, na kwa hiyo huyeyuka polepole. Mafuta ya ganda la chungwa hayapatani na maji, lakini hupatana na ethanoli, na harufu yake ikaenea.

Sasa tufanye hesabu aliyoidai yule kijana. Wiski ya asilimia 40 kwa ujazo, ikiwa mililita 60, ina ethanoli mililita 24. Pamoja na maji ya kijiko kimoja, kioevu chote kina uzito wa karibu gramu 62. Tuseme halijoto yake ni nyuzi 25 za Sentigredi, nasi twataka ishuke hadi sifuri. Kila gramu hutoa karibu jouli 4.2 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo joto lote la kuondolewa ni jouli 6,500 hivi. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka humeza jouli 334. Basi karibu gramu 20 za barafu zitageuka maji. Kioevu kilichokuwa mililita 65 sasa ni mililita 85, na kilevi kimeshuka kutoka asilimia 40 ya wiski hadi karibu asilimia 28.

Je, nguvu imepungua? Ulimi utasema ndiyo. Baridi imefifisha ukali, na sukari imeuficha. Lakini ethanoli haikwenda popote: mililita 24 zilizoingia katika bilauri zingali zimo, nazo ni gramu 19 hivi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina ethanoli mililita 25. Maana yake, bilauri ile ndogo, tamu na baridi, ina kilevi karibu sawa na chupa nzima ya bia. Ini la mtu mzima, kwa wastani, huondoa gramu 8 hivi kwa saa moja. Litafanya kazi kwa zaidi ya saa mbili, wala kahawa na maji baridi havitaliharakisha.

Kwa hiyo kilichomwezesha mwenyeji wangu kujua anachokunywa hakikuwa ladha. Kilikuwa kikombe chake cha kupimia, pamoja na karatasi iliyobandikwa kwenye chupa kutaja asilimia. Ondoa viwili hivyo, na mwenye shahada ya kemia hana tofauti na asiyejua kusoma.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Pombe kali ya kienyeji, iitwayo gongo Tanzania na chang'aa Kenya, aghalabu huuzwa bila kipimo na bila maandishi. Tena huenda mchuuzi ameichanganya na methanoli ya viwandani. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 na ethanoli kwenye nyuzi 78.4, lakini machoni na puani mwa mnywaji zinafanana mno. Wapo wanaowasha kiberiti, wakaamini kwamba mwali wa buluu ni dalili ya usalama. Methanoli nayo huwaka buluu. Mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Mililita 10 tu zaweza kupofusha. Mwezi Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu wakafa tena katika sehemu mbalimbali za Kenya. Hawakukosa ndimi. Walikosa kipimo. Mtu akinywa, kisha akaona ukungu machoni, apelekwe hospitali mara moja, maana matibabu yapo na kila saa ina thamani.

Wapo watakaosema kwamba kumfundisha kijana habari za kileo ni kumfungulia mlango. Nauheshimu wasiwasi huo. Mimi mwenyewe sitaki kijana yeyote aanze kunywa, na tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeviweka vileo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Walakini mlango ulikwisha kufunguliwa na jirani, na redio, na sherehe za harusi. Twafundisha sumu ya nyoka bila kumleta nyoka darasani. Tukinyamaza, kijana atafundishwa na mchuuzi, na mchuuzi atamwambia, "Onja."

Nawaomba walimu wa kemia na fizikia waichukue hesabu hii ubaoni. Haihitaji chupa wala bilauri, bali chaki, joto fiche la barafu na asilimia kwa ujazo, mambo ambayo tayari yanafundishwa. Wanafunzi wabadilishe tarakimu wenyewe: barafu maradufu, sukari maradufu, maji lita nzima. Kila mara watazikuta mililita zile zile 24 zikiwangoja mwishoni.

Na wewe kijana wa safu ya nyuma, kama wasoma haya: jibu ni hapana. Hupungua ukali tu; kilevi hubaki chote. Swali lako halikustahili kuchekwa.