Mtoto Akituuliza Habari za Mawe

Leo twataka kusema neno ambalo huenda likawachoma baadhi yenu, wala hatutalifunika, kwa maana limetuchoma sisi walimu kwanza.

Jioni moja tulikuwa wageni katika nyumba ya mzee mmoja wa kanisa, katika kijiji kimoja cha Iramba. Ukutani palitundikwa picha ya Bwana Yesu, ile ambayo wengi wenu mnayo: uso umegeuka kidogo upande, nywele ndefu za rangi ya hudhurungi, na nuru usoni. Mtoto wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka saba hivi, aliitazama sana, kisha akasema, "Baba, ni nani aliyempiga Bwana Yesu picha?" Baba yake akamjibu, "Nyamaza, mwanangu, usiulize mambo ya Mungu mbele ya wageni." Mtoto akanyamaza. Nasi tuliokuwa tumeketi pale, tukila chakula cha watu na kuitwa waalimu, tulinyamaza pia.

Lakini swali lile lilikuwa na jibu, wala jibu lenyewe si gumu. Picha ile haikupigwa, ilichorwa. Aliyeichora ni Warner Sallman, mtu wa Chicago katika Marekani, naye aliichora mwaka 1940. Hakumwona Bwana kwa macho, kama sisi tusivyomwona. Alitumia mawazo yake na ustadi wa mkono wake, akampa sura ambayo watu wa kwao wangeipokea upesi. Kisha mitambo ya chapa ikaitoa kwa mamilioni, hata ikafika Singida. Ufundi wenyewe wa kupiga picha kwa chombo ulitangazwa kwa watu mwaka 1839, basi hakuna awaye yote aliyempiga picha Bwana wetu katika Galilaya. Baba yule angalimwambia mwanawe maneno haya machache, asingalipunguza heshima ya Bwana hata kidogo. Angalimwokoa mtoto na kosa la kudhani kwamba karatasi ile ndiyo uso wenyewe.

Kesho yake asubuhi mtoto yule yule alitupeleka kwenye mwamba ulio karibu na malisho ya ng'ombe. Chini ya kivuli cha mwamba tuliona twiga waliochorwa kwa rangi nyekundu, na watu wembamba warefu, vichwa vyao vikubwa kama waliovaa kitu. Juu ya miguu ya twiga mmoja watu walikuwa wameandika majina yao kwa makaa, na chini yake ardhi ilikuwa imechimbwa. Tulimwuliza mtoto, "Ni nani aliyeyachora haya?" Akajibu pasipo kusita, "Baba husema ni mashetani."

Tazameni jambo hili, ndugu. Katika nyumba moja, mtoto mmoja amefundishwa kwamba picha ya karatasi iliyotoka ng'ambo ni uso wa Mungu, na kwamba picha iliyo katika mwamba wa kwao ni kazi ya Ibilisi. Yote mawili si kweli, na yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni huu: hakuna mtu nyumbani aliyemwambia kwamba picha hufanywa na watu. Wala tusimlaumu baba yule peke yake. Sisi tunaoandika haya, tulipokuwa wanafunzi, tulichukua makaa tukaandika majina yetu juu ya mwamba kama ule, tukacheka. Hakuna aliyetukataza, maana hakuna aliyetufundisha. Majina yetu yangalipo hata leo, nasi twaona haya.

Kwa hiyo twasema wazi: kila nyumba ya Mkristo yapasa kuwafundisha watoto historia ya sanaa, na kuianzia katika picha ya ukutani na mwamba wa kijiji. Twajua kwamba wako watakaotupinga. Na tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza asema, "Amri ya Mungu yakataza sanamu, kwa nini tuwafundishe watoto mambo ya picha?" Huyu twamwomba asome Kutoka 20, lakini asifunge kitabu hapo, bali aendelee mpaka mlango wa 31. Humo atamkuta Bezaleli, ambaye Mungu mwenyewe alimjaza Roho apate kuwa fundi wa dhahabu na shaba, na wa kuchonga mawe na miti. Kisha asome Hesabu 21 habari za nyoka wa shaba, aliyefanywa kwa agizo la Mungu. Kisha 2 Wafalme 18, jinsi mfalme Hezekia alivyomvunja nyoka yule yule. Kwa nini alimvunja? Kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile. Mioyo ya watu ndiyo iliyogeuka. Na Walutheri wa nchi hii wakumbuke mambo ya Wittenberg mwaka 1522. Watu walipoanza kuziondoa na kuzivunja picha makanisani kwa ghasia, Martin Luther alitoka mafichoni akahubiri siku nane mfululizo, na katika mahubiri hayo alifundisha kwamba kazi ya kwanza ni kuing'oa sanamu iliyo moyoni kwa Neno.

Wa pili asema, "Picha za miamba ni za wapagani, na mpaka leo watu hutambika huko." Hili ni kweli, wala hatulifichi. Katika pango la Mungumi wa Kolo, upande wa Kondoa, watu wangali wakienda kutambika. Lakini twauliza: mtoto asiyejua habari za mwamba atapona kwa namna gani? Kwa kutojua kwake atauogopa, na anayeogopa kitu yu karibu kukisujudia. Bali mtoto aliyeambiwa kwamba twiga yule alichorwa na mtu mwenye njaa na kiu kama sisi, kwa kidole au kijiti, kwa udongo mwekundu wenye chuma uliosagwa, hatauogopa mwamba wala hatauabudu. Atamstahi fundi, na kumshukuru Mungu aliyempa fundi mkono. Mtume Paulo naye alipofika Athene alizitazama kwanza ibada za watu wale, tena akasoma maandiko ya madhabahu yao, kisha akaanzia hapo kuhubiri, kama isemavyo Matendo 17. Hakuandika jina lake kwa makaa juu ya madhabahu.

Wa tatu asema, "Hiyo ni kazi ya shule." Sisi ni watu wa shule, nasi twajua mzigo wa shule ulivyo. Mwalimu ana watoto wengi na saa chache, wala hawezi kuwapeleka wote mwambani. Tena Kumbukumbu la Torati 6 yawaagiza wazazi kuwafundisha watoto waketipo nyumbani na watembeapo njiani. Na Yoshua 4 yaeleza jinsi Waisraeli walivyosimamisha mawe kumi na mawili huko Gilgali, ili watoto wakiuliza maana yake, baba zao wawajibu. Baba ndiye aliyewekewa jibu, na mzee wetu yule wa kanisa aliulizwa swali la namna hiyo hiyo akalikataa. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu umekwisha wafundisha watoto wetu somo moja juu ya miamba, nalo ni hili: kwamba Wajerumani walifukia dhahabu chini yake. Kwa uvumi huo watu wazima, tena wengine waliobatizwa, wamechimba mapangoni na kuharibu picha ambazo hazitarudi tena.

Wa nne asema, "Hatujui la kuwaambia." Huyu ndiye tunayempenda kuliko wote, kwa kuwa asema kweli. Basi na tumpe machache ya kuanzia.

Katika mkoa wetu wa Singida, upande wa Iramba na upande wa Wanyaturu, iko miamba mingi yenye michoro. Mjerumani mmoja, Ludwig Kohl-Larsen, alizunguka nchi ya Ziwa Eyasi, Iramba na Isanzu katika miaka ya 1930, akanakili michoro na kuandika hadithi za wazee. Upande wa mashariki wetu, katika Kondoa, Mary Leakey na mumewe walinakili mamia ya michoro mwaka 1951, na kitabu chake juu ya kazi hiyo kikatoka mwaka 1983. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliiandika michoro ya miamba ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na mahali penye michoro hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450.

Wataalamu hufundisha kwamba michoro myekundu kwa kawaida ndiyo ya zamani zaidi, kazi ya wawindaji, nao huihusisha na wazee wa Wasandawe na pengine wa Wahadzabe. Michoro myeupe, ambayo mara nyingi imechorwa juu ya ile myekundu, ni ya baadaye, nayo huhesabiwa kuwa ya wakulima na wafugaji. Kwa hiyo mwamba mmoja huonyesha wenyeji wa kwanza na waliokuja nyuma yao, wakipokezana ukuta ule ule. Mtaalamu mmoja, Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe, aliandika mwaka 1971 kwamba walimweleza habari za uchoraji wa wazee wao: michoro mingine ilikuwa ya mawindo, mingine ya matambiko, na mingine ya kupitisha muda tu, kama vijana wafanyavyo po pote. Je, hayo ni maneno ya mashetani? Ni maneno ya watu, na watu hao ni jirani zetu.

Tena watoto waambiwe kwamba Bwana wetu amechorwa kwa sura nyingi. Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, Wakristo wa karne ya tatu walimchora kuwa kijana mchungaji asiye na ndevu, amebeba kondoo mabegani. Katika nchi ya Kenya, huko Murang'a, limo kanisa ambalo kuta zake zilichorwa katika miaka ya 1950 na Elimo Njau, Mtanzania mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere. Humo Bwana azaliwa, abatizwa na kusulibiwa kati ya watu weusi na milima ya Afrika. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, naye alikuwa mchoraji, na picha yake moja ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York mwaka 1960. Na huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alikusanya ngoma, viti na vyombo vya Wasukuma, navyo vimewekwa katika makumbusho kando ya kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Mtoto ajuaye haya ataitazama picha ya Sallman kwa adabu, naye atajua kwamba ni mmoja tu kati ya mashahidi wengi.

Basi tufanyeje? Jumapili jioni, baada ya sala, baba au mama achukue kitu kimoja: picha ya ukutani, kikapu alichosuka bibi, kibuyu chenye nakshi, au kigoda. Awaulize watoto maswali manne. Ni nani aliyekifanya? Alikifanya kwa vitu gani? Alikifanya kwa sababu gani? Na Neno la Mungu latufundisha nini juu ya kazi hii na juu ya fundi wake? Akikosa jibu, amwendee bibi au babu pamoja na watoto, maana wazee wetu wanazikwa pamoja na majibu yao. Na mwaka hata mwaka awapeleke watoto mwambani. Huko wasiguse mchoro kwa mkono, wasiumwagie maji ili ung'ae, wasiwashe moto chini yake, wala wasiandike kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vilivyochorwa au kuchongwa na wanadamu kabla ya mwaka 1863. Lakini Mkristo asingoje askari amfundishe kuheshimu kazi ya jirani yake.

Na ninyi wazee wa makanisa mnaosema kutoka madhabahuni kwamba miamba ile ni ya Shetani, twawasihi kwa upendo, nyamazeni kwanza mkachunguze. Shetani hakuumba udongo mwekundu, wala twiga, wala jicho la kumwona twiga. Mkimpa sifa ya vitu hivyo, mwamtajirisha kwa mali isiyo yake.

Tumekwisha rudi katika nyumba ile ya Iramba. Tulimwomba radhi mzee kwa kunyamaza kwetu, kisha tukamweleza habari za picha yake, mtoto akiwapo. Mzee alikaa kimya kitambo, akasema, "Basi, waalimu, twiga wangu naye ana mwenyewe." Kisha akamwita mwanawe, wakaenda mwambani wote wawili. Hatukuwafuata, kwa kuwa somo lile lilikuwa lao.