Dhahabu Haiungui Ikawa Moshi



Nakuuliza swali moja kabla hatujaenda mbali, na nakuomba ulijibu kwa moyo safi. Lau nyumba yako ingeshika moto usiku wa leo, ukatoka salama wewe na watoto wako, kisha asubuhi akaja mtu na karatasi akakwambia, "Nieleze dhahabu iliyokuwamo kabatini," ungemjibu nini? Sisemi jawabu la "bangili zangu za arusi" au "kidani alichoniachia mama". Nasema uzito wake, karati zake, jiwe lililomo na namna lilivyo. Nizijuavyo nyumba zetu za pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, wengi wetu tungenyamaza, kisha tungekadiria. Na mtu anayekadiria mali yake mwenyewe ili alipwe, nafsi humsukuma aongeze. Hapo ndipo dhulma inapoanzia.

Kisa kilichonifanya nishike kalamu hakikutokea pwani. Kilitokea Heru Juu, wilaya ya Kasulu, katika milima ya Kigoma, nchi ya Waha, ambako zamani palikuwa na ufalme wa Heru. Huko ndiko alikohamia dada yangu na mumewe, mtu wa Pangani, aliyekwenda kufungua duka la vyombo na vitambaa. Benki iliyomkopesha ilimtaka alikatie duka bima ya moto. Kwa kuwa walikuwa wakiishi nyuma ya duka, shemeji yangu aliongeza katika hati ile vyombo vya nyumbani na vito vya mkewe. Kwenye fomu aliandika: dhahabu ya karati 22, tola 10, na pete moja ya tanzanaiti. Wakala wa bima hakutaka kuviona vito hivyo wala kuvipima. Alipokea fedha, akagonga muhuri, akaenda zake.

Mwaka wa tatu duka liliungua. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Baada ya wiki mbili ikaletwa barua ya madai, na kampuni ikamtuma mthamini wa vito. Kijana yule hakuanza na maswali. Aliomba ungo, ndoo za maji na mtu wa kumsaidia, akachekecha majivu ya chumba cha kulala kwa muda wa siku mbili. Shemeji yangu akamwambia, "Bwana, unajichosha bure. Moto umekula kila kitu." Akamjibu kwa adabu, "Moto haulí dhahabu, mzee wangu."

Na kweli haulí. Dhahabu safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,064, na ile iliyochanganywa na shaba au fedha huyeyuka chini ya hapo. Lakini haigeuki moshi. Hutiririka, ikaanguka chini, ikaganda kwenye udongo, na karibu uzito wake wote ukabaki vile vile. Ndiyo maana mtu anayedai kuunguliwa na dhahabu, kisha majivu yake yasionyeshe hata tone, huwa amejishitaki mwenyewe.

Katika majivu ya Heru Juu zilipatikana gramu 71. Tola moja ni gramu 11.66, basi zile zilikuwa tola 6 na kidogo. Bangili moja ilibaki na umbo lake, na chapa ya 916, ambayo ni alama ya karati 22, ilikuwa bado inasomeka. Mthamini akaisugua juu ya jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali, akatikisa kichwa. Vipande vyote vikapelekwa mjini kupimwa kwa mashine, na majibu yakarudi kuwa ni karati 18, yaani sehemu 750 tu za dhahabu katika kila 1,000. Pete nayo ilipatikana, na mahali pa tanzanaiti palikuwa na tone la kioo lililolegea kwa joto. Tanzanaiti katika moto ule ingepasuka, isingelegea kama nta.

Piga hesabu, ndugu msomaji. Hati ilisema gramu 116 na ushei za karati 22. Ndani yake mna dhahabu safi karibu gramu 107. Majivu yalitoa gramu 71 za karati 18; ndani yake mna dhahabu safi gramu 53. Ni nusu tu. Kampuni ikasema tamko lilikuwa la uongo, ikayakataa madai yote ya vito.

Nusu nyingine ilikwenda wapi? Shemeji yangu, alipobanwa, alikiri kwamba kidani cha tola 4 walikiuza mwaka wa kwanza, kwa ridhaa ya mkewe, ili waongeze bidhaa dukani. Kwenye hati hakukifuta. Hilo ni kosa lake, na simtetei kwa kuwa ni shemeji yangu. Lakini zile karati 4 zilizopungua katika kila bangili hakuziiba yeye. Ziliibwa na sonara, tena zamani, siku ya mahari, pale watu walipokuwa wakipiga vigelegele na hakuna aliyeuliza mizani. Na wakala aliyepokea fedha za bima miaka mitatu kwa tola 10 ambazo hakuziona hata siku moja, naye ana fungu lake.

Dada yangu alikaa juu ya kigoda mbele ya ukuta mweusi akaniambia, "Kaka, mimi sikujua nilichokuwa nacho." Jirani yake, mzee wa Kiha aliyekuja kutupa pole, akaongeza neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, ng'ombe wetu akipotea, kijiji kizima kinaweza kueleza rangi yake na pembe zake. Nyinyi mna mali ambayo hata mwenyewe hawezi kuieleza."

Sasa nawaelekea wale wanaosema, na nimewasikia kwa masikio yangu: "Kampuni ya bima ni tajiri, ukiiongezea kidogo si dhambi." Hebu tujiulize, fedha hizo hutoka wapi? Hutoka katika mfuko waliochangia wenye maduka, madereva na wajane. Anayedai tola 10 naye alikuwa na 6 amechukua tola 4 za watu asiowajua, na siku ya kuwaomba radhi hatawapata. Isitoshe, msingi wa bima ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, si kumtajirisha. Ukiandikisha zaidi ya ulichonacho, unalipa kila mwaka kwa kitu ambacho hutalipwa. Ukiandikisha nusu ya thamani ili upunguze malipo, basi katika bima nyingi za mali hasara yako nayo italipwa nusu. Uongo wa juu na uongo wa chini wote humrudia mwenyewe.

Wapo pia wanaosema, "Sonara wetu ni mtu wetu, tangu enzi za baba." Sawa, na masonara waaminifu wapo, wala sitaki kuwachafua. Lakini mtu yule yule aliyekuuzia bangili ndiye unayemwomba akuandikie thamani yake kwa ajili ya bima, na kesho ndiye utakayempelekea aibadilishe. Atawezaje kuandika kwamba aliyokuuzia jana ni karati 18? Muuzaji, mnunuzi na mwenye kudai, kila mmoja ana maslahi katika bei. Kadhi huwa hahukumu kesi yake mwenyewe. Mthamini naye inapasa awe mtu asiyenunua kitu hicho, asiyekiuza, na ambaye ujira wake haupandi kwa kupanda kwa thamani anayoiandika.

Na wenye kampuni wasikae wakicheka. Kupokea fedha kwa kitu usichokiona, ukaja kukumbuka mizani siku ya kulipa tu, ni khiyana iliyovaa suti. Ikiwa mthamini aliweza kupanda milima ya Kasulu ili akatae madai, angeweza kupanda mapema ili asahihishe hati.

Tusidhani mambo haya ni mapya. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani yetu ilifika Ujiji, ambako si mbali na Heru, ikichukua shanga za kila namna, na sokoni Ujiji shanga ndizo zilizokuwa fedha. Katika nchi nyingi za bara sahani nyeupe iliyokatwa kwenye kitako cha kombe la bahari ilivaliwa shingoni kama kito cha wakubwa. Livingstone alipofika kwa Shinte, mwaka 1854, aliandika kwamba makombe mawili ya namna hiyo yalitosha kununua mtumwa. Baadaye viwanda vya Ulaya vikatengeneza ya kauri yanayofanana nayo, yakauzwa huku Afrika. Asiyejua kitu huliwa na anayekijua; na katika biashara ile wazee wetu wa pwani mara nyingi ndio waliokuwa wanajua. Leo sisi ndio tunaoletewa kioo.

Hata dola haikusalimika. Mwezi Septemba 2017, katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, serikali ilikamata almasi za mgodi wa Mwadui, zaidi ya karati 71,000, ambazo ni kama kilo 14. Karatasi zilitaja thamani ya dola milioni 14.8 hivi; serikali ikasema thamani yake ni karibu dola milioni 29.5. Kampuni ilikanusha, ikasema uthamini wa kabla ya kusafirisha ulifanywa na wathamini wa serikali yenyewe. Sitoi hukumu hapa. Nakuonyesha tu kwamba furushi moja liliweza kuwa na bei mbili, moja ikiwa mara mbili ya nyingine. Kinyume chake, mwezi Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Mirerani alileta mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1. Yalipimwa, yakanunuliwa na serikali hadharani kwa shilingi bilioni 7.74, na nchi nzima ikajua uzito na bei.

Elimu ya kupima ni urithi wetu, basi aibu yetu ni kubwa zaidi. Al-Biruni, katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima juu ya vito, na alipima uzito wa mawe na madini kwa maji yanayomwagika kutoka katika chombo. Al-Khazini wa Marw, mwaka 1121, alieleza mizani ya maji inayoweza kufichua dhahabu iliyochanganywa bila kukivunja chombo. Siri yake ni nyepesi: dhahabu safi ni nzito kuliko maji mara 19 na zaidi, na ile ya karati 18 ni mara 15 na ushei. Na kila mtoto wa chuoni anajua kwamba Qurani ina sura nzima, ya 83, yenye jina la wapunjao, na anakijua kisa cha Nabii Shuaib na watu wa Madyan.

Huenda ukaniuliza, "Kwani bima yenyewe ni halali?" Wanachuoni wamelijadili. Majmaa ya Fiqhi iliyokutana Jeddah mwezi Desemba 1985 iliikataa bima ya kibiashara yenye malipo maalumu, ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Na Kenya ina kampuni ya takaful tangu mwaka 2011. Muulize shekhe wako. Lakini hata asiyekata bima yoyote hakwepi mizani. Bila uzito na karati utaigawaje dhahabu ya marehemu kwa warithi? Utajuaje kama akiba yako imefika kiwango cha zaka, ambacho ni kama gramu 85 za dhahabu safi?

Basi fanya haya, wala yasikupite mwezi huu. Pima kila kito peke yake, kwa gramu, mbele ya shahidi. Usiiamini chapa, peleka kikajaribiwe na mtu asiyekiuza wala kukinunua. Kumbuka kwamba karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi, na karati ya jiwe ni uzito, gramu 0.2, wajanja huvichanganya kwa makusudi. Jiwe la buluu lisiitwe tanzanaiti kwa macho tu. Mthamini akiandika bei, mwulize ni bei ipi: ya kununua kipya, ya kuuza kilichovaliwa, au ya dhahabu ikishayeyushwa? Hizo ni bei tatu mbalimbali, na anayezichanganya anakupoteza. Piga picha. Weka nakala nje ya nyumba, maana karatasi huungua. Na siku ukiuza kitu, kifute siku hiyo hiyo.

Dada yangu bado yuko Heru Juu. Vipande vile vyeusi alirudishiwa, navyo ni vyake. Alivipima kwa mizani mbili, akaandika katika daftari la shule: gramu 71, karati 18. Ni nusu ya iliyoandikwa kwenye hati, lakini sasa ni mali anayoijua, na mtu hawezi kumdanganya juu yake wala yeye hawezi kumdanganya mtu. Wewe daftari lako li wapi?

Wabillahi tawfiq.