Ũ Moja, Gharama Mara Mbili

Unauza embe Wote ama ndengu Mwingi. Umetumia wateja 200 meseji moja ya Kikamba, herufi 100 ukihesabu na nafasi. Mbona umetozwa meseji 400?

Shida iko kwa upakiaji. Meseji moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za kawaida huchukua biti 7 kila moja, kwa hivyo zinatoshea 160. Lakini ĩ na ũ hazimo kwenye orodha hiyo. Ukiweka hata moja tu, kila herufi hupewa biti 16, na zinatoshea 70 pekee. Ukizidisha, meseji hukatwa vipande vya herufi 67, na kwa kawaida kila kipande hulipiwa. Simu ya mteja nayo huambiwa ifungue kwa biti ngapi. Ikikosea, anasoma takataka.

Wengine watakwambia ufute alama. Mimi nasema hapana. Ĩ na ũ ni sauti, si mapambo, na mteja wako wa Kitui hafai kubahatisha lugha yake mwenyewe. Afadhali ufupishe: bidhaa, bei, nambari ya kulipia, basi. Hesabu hadi 70 kabla ya kutuma.