Kadi Hulipa Hospitali. Nani Atalipa Kodi ya Nyumba?

Chukulia mwalimu wa shule binafsi mjini Bagamoyo aliyegundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kadi ya bima ya afya anayo, na huenda ikagharimia mionzi yote. Lakini mionzi hiyo ataifuata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, takriban kilomita 70 kutoka kwake, siku 5 za kila wiki kwa wiki 5 hivi. Nauli, malazi, chakula cha ndugu anayemsindikiza, kodi ya nyumba na ada za watoto havimo katika fomu ya hospitali.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Zikiisha hizo, mgonjwa hubaki na matibabu yasiyokwisha na mfuko mtupu. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kuikatiza tiba kwa kukosa nauli tu.

Pengo hili alilitambua Marius Barnard, daktari wa upasuaji wa moyo wa Afrika Kusini, alipoona wagonjwa waliopona wakifilisika. Mwaka 1983 alishiriki kuanzisha bima ya magonjwa makubwa. Bima hii humlipa mgonjwa mwenyewe fedha taslimu kwa mkupuo, ugonjwa uliotajwa katika mkataba unapothibitishwa. Mwanzoni yalitajwa mambo manne: shambulio la moyo, kiharusi, saratani na upasuaji wa mishipa ya moyo.

Mwajiriwa wa pwani hii anayetegemewa na familia anastahili kuifahamu bima hiyo angali mzima. Haichukui nafasi ya bima ya afya, ambayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaielekeza kwa kila mkaazi. Asiye na bima ya afya aanze na hiyo kwanza.

Tena, mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini. Mara nyingi kuna muda wa kungoja, aghalabu siku 90, kabla ya fedha kuweza kudaiwa. Saratani ya hatua za awali kabisa, au dalili za kiharusi zinazotoweka ndani ya siku moja, kwa kawaida hazilipwi. Anayeficha shinikizo la damu au kisukari alichokwisha kuambiwa aweza kunyimwa fidia yote siku ya dhiki. Na anayekwepa vipimo ili apate bima anahatarisha uhai kwa ajili ya karatasi.

Mtumishi wa afya naye ana wajibu hapa. Madai hayo husimama juu ya maandishi yake: jina kamili la ugonjwa, hatua yake, tarehe ya utambuzi na majibu ya vipimo. Ripoti yenye neno moja tu, "saratani", yaweza kumchelewesha mgonjwa kwa miezi. Kuuliza "Nani anaitunza nyumba yako ukiwa huku?" ni sehemu ya matibabu, kwani jibu lake ndilo litakaloonyesha kama mgonjwa atarudi Jumatatu.