Goroli ya kwenye simu: ipi inaviringika, ipi inachorwa tu?

Wasikilizaji wanaotupigia na kututumia ujumbe kuhusu michezo ya kwenye simu huuliza swali moja kwa maneno tofauti: kile ninachokiona kikizunguka, kikidunda au kikipaa kwenye kioo, kinakwenda kweli au ni picha tu? Swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Siku hizi pesa hutoka kwenye akaunti ya simu kwa kubonyeza mara moja, na mbonyezaji mara nyingi anaamini ameshausoma mwendo wa mchezo.

Ili kulijibu vizuri tutaanzia mbali kidogo, kwenye pinboli. Huu ni mchezo wa goroli ya chuma uliokulia Marekani. Huku kwetu wengi waliuona kwanza kwenye kompyuta za Windows XP, katika ofisi na vibanda vya steshenari. Tunaanzia hapo kwa sababu watengenezaji wa pinboli ya kompyuta wamehangaika miaka mingi ili goroli yao iende kama ile ya chuma. Ukielewa walichofanya, utautambua mchezo ambao haukufanya hivyo.

Meza yenyewe ikoje?

Meza ya kawaida ya pinboli ina upana wa kama sentimeta 51 na urefu wa sentimeta 107, na juu imefunikwa kwa kioo. Imeinamishwa kidogo, kwa kawaida nyuzi 6.5 hivi. Goroli yake ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80, karibu sawa na mayai mawili ya kuku wa kienyeji. Mchezaji huirusha hadi juu kwa fimbo yenye springi. Ikishuka hugonga vinguzo vyenye raba, hupita kwenye vichochoro, na chini kabisa hukutana na vibao viwili vinavyosukumwa na koili za umeme. Kazi ya mchezaji ni kubonyeza kitufe kwa wakati ili vibao viirudishe juu kabla haijatumbukia shimoni.

Vibao hivyo havikuwapo tangu mwanzo. Vilianza mwaka 1947 kwenye meza iitwayo Humpty Dumpty, iliyotengenezwa na kampuni ya Gottlieb ya Chicago. Kabla ya hapo mchezaji alirusha goroli, akaitikisa meza kidogo, kisha akabaki kusubiri. Ukumbuke mwaka huo, tutaurudia.

Kompyuta inaigaje mwendo?

Kompyuta haina goroli. Ina hesabu. Inajua goroli iko wapi, inaelekea wapi na kwa kasi gani. Kila baada ya muda mfupi hupiga hesabu upya: mvutano wa dunia umeivuta kiasi gani, imegonga nini, imedunda kuelekea upande upi.

Muda huo mfupi ndio wenye kazi kubwa. Tuseme goroli inakwenda mita 3 kwa sekunde, na kompyuta inapiga hesabu mara 60 kwa sekunde. Kati ya hesabu moja na nyingine goroli inakuwa imesogea sentimeta 5, karibu mara mbili ya unene wake. Kibao chembamba kikiwa katikati, goroli inaweza kukivuka bila kompyuta kujua kwamba kulikuwa na kitu hapo. Ndiyo maana programu makini kama Visual Pinball hupiga hesabu karibu mara 1,000 kwa sekunde. Kwa kasi ileile, goroli husogea milimita 3 tu kila hatua.

Makosa ya hesabu hizi yamewahi kuuondoa mchezo mzima. Ile pinboli ya Windows XP, iitwayo Space Cadet, haikuonekana kwenye Windows Vista iliyofuata. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alieleza baadaye kwamba walipouhamishia kwenye mfumo mpya wa biti 64, goroli ilianza kupenya vitu badala ya kuvigonga. Hata pale pa kurushia ilipita moja kwa moja na kutoka nje ya meza. Wakashindwa kuliona kosa kwa wakati, wakauacha mchezo.

Kuna jambo jingine ambalo jicho halilioni kirahisi. Goroli haitelezi, inaviringika. Kwenye mteremko wa nyuzi 6.5, goroli inayoshuka kutoka juu hadi chini bila kugonga kitu hutumia kama sekunde 1.6. Kitu kinachoteleza tu, kama kipande cha sabuni kwenye bati lenye maji, kingetumia kama sekunde 1.4. Tofauti inatokea kwa sababu sehemu ya nguvu ya mteremko hutumika kuizungusha goroli. Programu iliyosahau jambo hili itatoa goroli nyepesi, inayokimbia kama puto. Mzoefu wa meza halisi atasema tu kwamba haina uzito, hata kama hajui hesabu yake.

Inashindwa wapi?

Kwa meza mpya na safi, programu nzuri za leo zinakaribia sana ukweli. Ugumu uko kwenye meza iliyotumika. Raba ikizeeka hudunda vibaya. Mbao ikipakwa nta goroli hukimbia, ikijaa vumbi hupungua kasi. Koili ikipata joto baada ya kuchezwa muda mrefu, kibao hupiga kwa unyonge. Meza mbili za aina moja kutoka kiwanda kimoja hazifanani baada ya mwaka mmoja. Mchezaji hodari huisoma meza iliyo mbele yake, kama dereva anayelijua gari lake kuwa linavuta kushoto.

Kutikisa nako ni sehemu ya ustadi. Ndani ya meza halisi kuna kitu kama timazi ya fundi mwashi, uzito unaoning'inia katikati ya pete ya chuma. Ukitikisa taratibu unaisaidia goroli. Ukizidisha, uzito unagusa pete, umeme unapita, na meza inakunyima goroli hiyo. Kwenye simu unatelezesha kidole au unaitikisa simu, na programu inakadiria. Mkono wako hauhisi kitu.

Tatu ni ucheleweshaji. Kati ya kidole kugusa kioo na kibao kuinuka hupita muda. Ukiwa sehemu ya ishirini ya sekunde tu, goroli ya mita 3 kwa sekunde imeshakwenda sentimeta 15, karibu urefu wa vibao viwili. Simu ya bei nafuu iliyojaa programu huchelewa zaidi. Ukikosa goroli uliyokuwa na uhakika nayo, huenda kosa halikuwa lako.

Pamoja na upungufu huo, pinboli ya simu ina sifa moja isiyopotea: matokeo yanategemea ulichofanya. Ukibonyeza mapema kidogo, goroli inakwenda kushoto. Ukichelewa kidogo, inakwenda kulia. Ukifanya mazoezi mwezi mzima utapata pointi nyingi kuliko siku ya kwanza. Bahati imo, lakini kidole chako kinahesabiwa.

New York iliwahi kuligombania swali hili

Mji wa New York ulipiga marufuku pinboli mwaka 1942. Meya Fiorello La Guardia aliona ni kamari inayokomba senti za watoto, na alipigwa picha akivunja mashine kwa nyundo. Kwa mashine za wakati ule hoja yake ilikuwa na nguvu, maana vibao vya kuokolea goroli vilikuwa bado havijabuniwa.

Marufuku ilidumu hadi 1976. Mwaka huo mwandishi wa habari Roger Sharpe aliitwa mbele ya kamati ya baraza la mji kuonesha kwamba mchezo unahitaji ustadi. Waliokuwa na shaka walihofia mashine iliyoandaliwa ilikuwa imechezewa, wakamtaka atumie ile ya akiba. Akacheza, kisha akataja kabla ya kurusha njia ambayo goroli ingepita. Akavuta fimbo, goroli ikapita palepale. Marufuku ikaondolewa.

Hoja iliyoamua haikuwa kama goroli ni ya chuma au la. Goroli ya 1942 ilikuwa ya chuma vilevile. Swali lilikuwa kama mkono wa mchezaji unabadilisha matokeo.

Sasa tuje kwenye michezo ya pesa

Chukua kipimo hichohicho uende nacho kwenye dubwi la kijiweni na kwenye mchezo wa kindege wa simu.

Zamani mashine ya kubahatisha ilikuwa na magurudumu ya chuma yenye picha, na mahali yaliposimama ndipo palipoamua. Mwaka 1984 mvumbuzi Inge Telnaes alipata hataza nchini Marekani iliyobadilisha mambo. Katika mpango wake, kompyuta huchagua namba kwa nasibu, kisha gurudumu huambiwa lisimame wapi. Macho yanaona gurudumu lenye nafasi 22, lakini ndani ya kompyuta nafasi zinaweza kuwa 64, na picha ya zawadi kubwa ikapewa moja tu. Piga hesabu ya magurudumu matatu. Kwa nafasi 22, zawadi kubwa ingetoka mara 1 katika mizunguko 10,648. Kwa nafasi 64, ni mara 1 katika 262,144. Picha zile mbili zilizolingana na ya tatu ikapita kidogo hazimaanishi ulikaribia. Namba ilishatoka.

Kindege nacho hufuata njia hiyo. Katika michezo ya aina hii, mahali kitakapoangukia hukokotolewa kabla hakijaruka. Mchoro unaopanda ni simulizi ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Ni kweli unachagua wakati wa kutoa pesa, na hapo ndipo wengi huona ustadi. Lakini hakuna unachokiona kwenye mchoro kinachokuambia kitaanguka lini. Kindege hakina uzito, upepo wala mafuta. Kuanguka mapema mara tano mfululizo hakukifanyi kiruke juu mara ya sita. Anayekuuzia kwenye kundi la WhatsApp mbinu ya kukisoma anakuuzia hewa.

Je, huo ni wizi?

Si lazima. Michezo yenye leseni hutakiwa kuendeshwa kwa masharti, na hapa Tanzania anayesimamia ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Lakini nasibu ya haki bado haina maana kwamba utapata faida. Hata goroli ya kweli haikuokoi. Chukua ruleti, gurudumu lenye vishimo 37. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye kila kishimo, umetoa 37,000. Kimoja lazima kishinde, nacho kitakurudishia 36,000. Hakuna aliyedanganya, na elfu moja imebaki kwa mwenye gurudumu.

Kwenye simu hasara hiyo ndogo hujirudia haraka. Tuseme mchezo hurudisha wastani wa shilingi 97 katika kila 100. Ukicheza raundi 100 za shilingi 1,000, wastani wa hasara ni 3,000. Raundi moja ya kindege huweza kuisha ndani ya sekunde chache, kwa hiyo raundi 100 zinaweza kumalizika ndani ya jioni moja. Ukirudia kila jioni kwa mwezi, wastani huo ni shilingi 90,000. Kwa kijana wa kibarua au mkulima anayesubiri mavuno, hiyo ni mbolea.

Serikali za ukanda wetu zimeanza kubana. Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 kuanzia mwisho wa Aprili 2025, na Agosti mwaka huo ikapata sheria mpya. Hatua hizo zinagusa matangazo, leseni na umri. Haziwezi kukaa pembeni yako saa tano usiku ukiwa na simu mkononi.

Pima mwenyewe

Kabla ya kuweka pesa kwenye mchezo wowote wenye kitu kinachokwenda, jiulize maswali matatu.

La kwanza: nikibonyeza mapema au kwa kuchelewa, kile kitu kinabadili njia? Kwenye pinboli kinabadili. Kwenye dubwi hakibadili. Kwenye kindege unabadilisha tu wakati wa kushuka, safari ni ileile.

La pili: kuna mtu ninayemfahamu aliyekuwa bora kwa mazoezi, na ubora wake ukabaki? Usimhesabu aliyeshinda mara moja. Mtafute anayeshinda mwezi hadi mwezi.

La tatu: ukiondoa pesa, mchezo unabaki na utamu? Pinboli hubaki, ndiyo maana watu huicheza bure hata bila bando. Kindege bila pesa ni mstari unaopanda na kukatika.

Jibu likiwa hapana kwa yote matatu, ujue hapo ustadi wako hauna kazi. Sheria ya nchi haikuficha hilo. Imeiita michezo ya kubahatisha. Anayetaka kubahatisha, na ametimiza miaka 18, atenge kiasi ambacho kikipotea nyumbani hakitaulizwa, na akiisha afunge simu.