Mboloko hahitaji risasi ya vita

Huku kwetu mashariki mwa Congo, kila nyama ya pori inapofika sokoni utasikia: "Risasi ni risasi, bora nyama imeanguka." Maneno hayo si kweli, na yanatuweka sisi wote katika hatari.

Mboloko mzima ana kilo 4 hadi 6 tu. Wazee wetu walimwinda kwa nyavu na mishale, kisha ikaja bunduki ya kalibre 12. Bunduki hiyo inatoa chembe nyingi kwa mara moja, na nguvu yake inapungua haraka. Mwindaji analazimika kusogea karibu, mita 30 ao 40, aone vizuri anachopiga. Hapo kuna usalama.

Kalashi ni kitu kingine. Risasi yake ya milimita 7.62 inatoka kwa mwendo wa mita 700 kwa sekunde, na ikikosa mnyama inaweza kuanguka zaidi ya kilomita 1 mbele. Ilitengenezwa kwa ajili ya askari. Mara nyingi inatoboa mnyama upande hadi upande, na asipopigwa pahali pa kufa anakimbia na kuozea porini. Nyama imepotea, na risasi bado inasafiri.

Sasa tujiulize: kilomita 1 mbele kuna nani? Kuna mama anayetafuta kuni. Kuna watoto wanaotoka kuchota maji. Kuna wakimbizi wa ndani katika vibanda vya maturubai, ambavyo havizuii hata mvua. Mlio mmoja usiku, na familia zinabeba watoto na kukimbia tena. Aliyetoroka vita atajuaje kama ni mwindaji ao ni washambulizi?

Wengine watasema njaa haichagui bunduki. Njaa ipo, hakuna anayeikataa. Lakini familia yenye njaa kambini haina Kalashi. Wenye nayo wanauza nyama, na pesa inanunua risasi zingine. Tutazame Virunga: katika miaka ya 1970 kulikuwa viboko zaidi ya 20,000, miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000. Silaha za vita zilifanya kazi hiyo. Je, njaa iliisha huko? Hapana.

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali, na silaha ya vita si ya raia. Kwa hiyo machifu wasiulize tu nyama imetoka wapi, waulize pia imepigwa na nini. Wanunuzi, kataeni nyama ya Kalashi. Na wewe unayeificha nyumbani kwa kisingizio cha mboloko, irudishe kupitia mpango wa P-DDRCS. Mnyama wa kilo 5 hana deni la vita na mtu yeyote.